Sungura wawili waliozoeana: namna ya kuwatafutia makao mapya bila kuwatenganisha



Kila mwaka baada ya proklamasyo, familia nyingi za Bukavu zinafunga mizigo. Kuna baba aliyehamishwa kazi, kuna mwenye nyumba anayetaka nyumba yake, kuna garanti iliyokwisha kuliwa na kodi ya miezi iliyopita. Kufunga masufuria, vitanda na vikwembe, hilo tunalijua. Lakini katika mikutano yetu ya mwaka huu swali moja lilirudi mara nyingi: wanyama wa watoto tuwafanye nini? Kuku anauzwa, mbuzi anapelekwa kijijini. Sungura wawili waliolelewa ndani ya nyumba, wenye majina, wanaokimbilia mlangoni wakisikia sauti ya mtoto anayerudi masomoni, hao wanakwenda wapi?

Juma hili tunaeleza jinsi familia moja ya kikundi chetu ilivyopita katika jambo hilo. Tumepewa ruhusa ya kulisimulia bila kutaja majina ya watu. Tumeongeza pia mashauri tuliyoyapata kwa watu wa mifugo, na yale ambayo wafugaji kati yetu wanayajua kwa kazi ya kila siku.

JAMBO LENYEWE

Familia hiyo ilikuwa ikikaa Kadutu, baba, mama na watoto watatu. Baba alipata kazi Kalemie. Sungura wao wana miaka mitatu: jike wa kijivu anayeitwa Mapera na dume mweupe anayeitwa Chumvi. Walinunuliwa wakiwa wadogo, na muuzaji aliapa kwamba wote ni majike. Asubuhi moja mama alikuta Mapera amejinyofoa manyoya ya tumbo na kutengeneza kiota chini ya kitanda cha watoto. Ndani yake kulikuwa na vitoto vitano, bila manyoya, macho yamefungwa.

Vitoto hivyo vilipofikisha miezi miwili viligawiwa majirani. Baba, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya vyumba viwili tu, alimpeleka Chumvi kwa mganga wa mifugo, naye akamhasi. Tangu siku ile hakuna kiota tena. Wawili hao wanalala wamegusana, wanakula katika sahani moja, na mmoja akiinamisha kichwa mwingine anamlamba paji la uso.

Kwenda nao Kalemie haikuwezekana. Njia ni kuteremka hadi Uvira kwa gari, kisha kupanda mashua juu ya Ziwa Tanganyika. Sungura anavumilia baridi ya Bukavu vizuri, lakini joto linamshinda. Hatoki jasho kama sisi, masikio yake ndiyo yanayomsaidia kupoza damu. Joto likipita digrii 30 anaanza kuhema, na ndani ya kikapu, katika gari lililojaa watu kwenye bonde la Ruzizi, anaweza kufa kabla ya kuona ziwa. Basi ilibidi wabaki, na mtu wa kuwapokea atafutwe.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Jirani mfugaji alikuja siku ya kwanza na pesa mkononi. Alimtaka Mapera, maana jike aliyekwisha kuzaa na kulea vizuri ni mali. Mama alipomwuliza habari za Chumvi, alijibu bila kuficha kwamba dume aliyehasiwa hana kazi nyingine isipokuwa sufuria. Hatumlaumu mtu huyo. Kwetu Kivu sungura ni mboga, na wamama wengi kati yetu wamelipa viatu na madaftari ya watoto kwa sungura na dende. Lakini hesabu ilikuwa wazi: kumtoa Mapera peke yake ilikuwa ni kumhukumu Chumvi.

KWA NINI WAWILI NI WAWILI

Tuanze na tofauti ambayo wengi hawaijui. Sungura mjanja wa hadithi zetu, yule wa porini mwenye miguu mirefu, anaishi peke yake katika nyasi, na watoto wake wanazaliwa na manyoya, macho wazi. Sungura tunayemfuga ni wa ukoo mwingine uliotoka Ulaya. Wazee wake wa porini wanaishi kwa makundi katika mashimo wanayochimba pamoja. Kwa hiyo huyu wa nyumbani amezaliwa na haja ya mwenzake. Akisikia hatari anapiga mguu chini ili mwenzake ajue.

Si kila sungura wawili wanapendana. Ukiwaweka pamoja wageni wawili wakubwa, wanaweza kupigana mpaka ngozi ipasuke. Lakini wakishazoeana, alama zake zinaonekana wazi:

Wanalala ubavu kwa ubavu hata kama nafasi ni kubwa.
Wanalambana kichwa, masikio na macho.
Wanakula pamoja bila kufukuzana.
Mmoja akiondolewa, mwingine anazunguka akimtafuta, kisha anajikunyata pembeni.

Ukiwatenganisha hao, jambo la kwanza kuharibika ni kula. Kwa sungura hilo si jambo dogo. Tumbo lake limeumbwa kufanya kazi bila kusimama. Hawezi kutapika, na akikaa bila kula utumbo wake unasimama, hewa inajaa, naye anaweza kufa kwa siku moja au mbili. Mtu atasema amekufa kwa huzuni, na kwa kiasi hajakosea, ila huzuni imepitia tumboni.

Kuna jambo lingine. Mkiwatenganisha kwa majuma kadhaa, mkafikiri mtawarudisha baadaye, wanaweza kukutana kama maadui. Harufu imebadilika, kila mmoja amejitengea mahali pake. Kwa hiyo lile shauri la “huyu akae kwa shangazi, yule kwa mjomba, tutawaunganisha tena tukirudi” ni shauri tunalowaomba mliache. Binamu mmoja wa familia hiyo alilitoa kwa moyo mzuri, ili kila nyumba ya ukoo ipate mmoja. Mama alimshukuru, akakataa.

KABLA YA KUMTAFUTA MTU

Kwanza jueni hakika kama ni dume au jike. Usitegemee neno la muuzaji, maana sungura mdogo anadanganya hata mtu mzoefu. Mpeleke kwa mganga wa mifugo au kwa mfugaji wa miaka mingi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, anabeba kwa siku 31 hivi, na anaweza kushika mimba nyingine siku ile ile aliyozaa. Kaka na dada wa kiota kimoja hawaulizani ukoo. Ukimpa mtu dume na jike bila kumwambia, umempa ndoo ambayo baada ya mwaka itafurika.

Dume akihasiwa, msimrudishe kwa jike siku ile ile. Mbegu zinabaki mwilini kwa wiki nne, pengine sita. Familia ya Kadutu iliwaweka Mapera na Chumvi bega kwa bega, wavu katikati, kwa wiki sita zote. Waliendelea kuonana na kunusana, ndiyo maana hawakusahauliana. Kazi hiyo ya kuhasi si kila mganga anaifanya kwa sungura, maana usingizi wa dawa ni wa hatari kwa mnyama mdogo. Muulizeni mganga waziwazi amefanya mara ngapi.

Pili, tazameni afya. Sungura mgonjwa hapewi mtu kwa siri. Angalieni ndani ya masikio kama kuna magamba ya kahawia, hiyo ni kazi ya vidudu na inatibika. Angalieni meno ya mbele: yanakua maisha yote, na yasipokutana sawasawa mnyama anakufa njaa mbele ya majani. Angalieni nyayo kama zina vidonda, puani kama kuna kamasi nyeupe, nyuma kama pamechafuka. Andikeni mnayoyaona, mazuri na mabaya.

Tatu, semeni umri wao kwa kweli. Sungura anayetunzwa ndani ya nyumba anaweza kufika miaka minane au kumi, hata zaidi. Anayempokea sungura wa miaka mitatu anapokea kazi ya miaka mingi bado. Ni afadhali akatae leo.

MLANGO GANI WA KUBISHA

Tulikaa kikundi kizima tukafikiri. Wa kwanza kutajwa ilikuwa masomo. Watoto wanapenda wanyama, na mwalimu angeweza kuwafundisha uzazi, meno, majani. Sisi walimu ndio tuliokataa. Darasa lenye watoto hamsini au zaidi ni kelele, na sungura ni mnyama wa hofu. Kila mtoto angetaka kumshika, kila mtoto angemlisha biskuti. Na mwezi wa saba na wa nane, masomo yakifungwa, nani angekata majani? Mlinzi? Mlinzi naye ana njaa yake.

Wa pili ilikuwa familia ya kanisani iliyosema ukweli wote: wangewapokea wawili kwa furaha, na Noeli wangewala. Tuliwaheshimu kwa kutoficha. Afadhali mtu anayesema hivyo mlangoni kuliko yule anayeahidi maua na kuvuna nyama.

Wa tatu alikuwa mama kijana, mwenye moyo wa huruma, lakini ana mbwa ndani ya parseli na mtoto wa mwaka mmoja anayetambaa. Tulimwambia asubiri. Moyo mzuri haufungi mbwa.

Wa nne alitoka mahali ambapo hatukupafikiria. Mama mzee mmoja wa Bagira, mjane anayelea wajukuu wawili, alisikia habari hiyo katika likelemba. Hakuuliza kwanza kama ni wazuri. Aliuliza: “Mbolea yao inafaa lengalenga?” Ndiyo, inafaa sana. Mavi ya sungura ni makavu, hayanuki kama ya kuku, na mtu anaweza kuyaweka bustanini bila kungoja yaoze muda mrefu. Mama huyo ana bustani ndogo nyuma ya nyumba na anauza mboga kila asubuhi. Kwake dume aliyehasiwa anafaa sawa na jike, maana wote wawili wanatoa mbolea kila siku, na hawazai mpaka wamalize majani ya mtaa.

Hapo tulijifunza jambo linalofaa kila familia. Mnapotafuta makao, msitafute tu mtu anayewaonea sungura huruma. Huruma inachoka msimu wa ukavu, majani yakiwa mbali. Mtafuteni mtu ambaye maisha yake yana nafasi ya wanyama hao: ana mahali, ana majani karibu, ana mtu nyumbani mchana, na anapata faida fulani ambayo haihitaji kisu.

Maswali tuliyomwuliza, nanyi mnaweza kuyatumia:

Watalala wapi usiku, na mlango unafungwaje?
Siafu wanapita kwako? Miguu ya banda imewekwa ndani ya makopo yenye mafuta machafu?
Mbabula inawekwa wapi? Moshi wa makaa katika chumba kilichofungwa unaua mnyama mdogo kabla ya kumwumiza mtu.
Nyaya za umeme ziko juu au chini? Sungura wa nyumbani anatafuna kila uzi.
Nani atakata majani ukiwa mgonjwa?
Wageni wakikuomba mmoja kwa sherehe, utajibu nini?

Swali la mwisho ndilo lililotuonyesha mtu. Mama mzee alicheka, akasema mgeni wake atakula maharagwe.

MAPATANO

Kati ya wamama neno linatosha mara nyingi, lakini neno linasahaulika. Tuliandika karatasi moja ya daftari, yenye mambo matano tu, ikasomwa kwa sauti na kutiwa sahihi mbele ya watu wawili wa kikundi:

1. Sungura wawili wanakaa pamoja, hawatenganishwi.
2. Hawauzwi wala hawachinjwi.
3. Mmoja akiugua, anayewapokea anajulisha kikundi, na gharama ya mganga tunasaidiana.
4. Akishindwa kuwatunza, anawarudisha kwa kikundi. Hawapeleki sokoni.
5. Mmoja akifa, aliyebaki anaachwa akae karibu na mwili kwa muda kidogo aunuse, ndipo mwili uondolewe. Asiletewe mwenzake mpya siku ile ile.

Fedha haikuombwa. Hata hivyo mama mzee alileta kilo mbili za maharagwe, kwa sababu, alisema, kitu kilichopokewa mkono mtupu kinatunzwa mkono mtupu. Familia nayo ilitoa banda, sahani ya udongo, na mfuko wa majani makavu.

WATOTO WAAMBIWE KWELI

Sehemu hii ndiyo iliyotuchukua muda mrefu katika mkutano. Baba alitaka watoto waambiwe kwamba sungura watafuata baadaye kwa mashua nyingine. Alitaka kuwaepusha na machozi siku ya safari. Wazazi wengi wangefanya hivyo.

Mama mmoja kati yetu, mwenye wajukuu sasa, aliomba kusema. Alipokuwa na miaka minane alikuwa na mbuzi aliyemlea kwa chupa. Siku moja alirudi toka masomoni akaambiwa mbuzi amepelekwa kwa mjomba. Jioni walikula nyama, naye akala. Siku ya tatu kaka yake akamwambia. Alisema kwamba mbuzi alimsamehe Mungu, maana mbuzi wanachinjwa. Uongo ule hakuweza kuusamehe haraka, na kwa miaka mingi kila mzazi wake aliposema mtu fulani “amesafiri”, alijiuliza kama amekufa.

Chumba kilinyamaza. Sisi tunaoishi hapa tunajua ni watu wangapi watoto wetu wameambiwa kwamba wamesafiri.

Walimu wanaona hilo darasani. Mtoto aliyedanganywa juu ya jambo dogo anaacha kuuliza mambo makubwa. Hawezi kupima kwa kilo tofauti ya sungura na shangazi, ila anajua kama neno la mama linashika au halishiki. Kwa hiyo tulishauri mambo haya:

Waambieni mapema, siku kumi au wiki mbili kabla, si asubuhi ya safari.

Semeni sababu kwa maneno mafupi: njia ni ndefu, joto lingewaua, tumewatafutia mtu mzuri.

Wapelekeni wakaone makao mapya kabla. Mtoto aliyeona banda, bustani na mwenye nyumba analala usingizi mwingine.

Wapeni kazi. Mtoto mkubwa wa familia hiyo, msichana wa miaka kumi na mbili, aliandika ukurasa mzima wa mambo ya Mapera na Chumvi: wanapenda majani gani, Chumvi anaogopa radi, Mapera hapendi kushikwa miguu ya nyuma. Mama mzee aliubandika ukutani juu ya banda.

Msiahidi lisilo na hakika. Msiseme “tutakuja kuwachukua”. Semeni “tutauliza habari zao”, kisha mwulize kweli.

Na wakilia, waacheni walie. Mtoto wa miaka sita alikasirika na mama yake siku nne nzima, hakutaka hata kula bugali naye. Siku ya tano alikuja mwenyewe kumwuliza kama mama mzee anajua kwamba Chumvi anaogopa radi.

SAFARI NA SIKU ZA KWANZA

Kwanza kabisa, sungura habebwi kwa masikio. Tunajua sokoni wanafanya hivyo, lakini ni maumivu makali. Mkono mmoja unapita chini ya kifua, mwingine unashika matako, na mnyama anakandamizwa kwenye kifua chako. Akipiga teke hewani bila kushikwa nyuma, nguvu ya miguu yake yenyewe inaweza kuvunja uti wa mgongo.

Wawekeni wawili katika kikapu kimoja chenye matundu, kikubwa kiasi wageuke. Chini wekeni majani makavu waliyolalia, yasiyobadilishwa, ili harufu ya nyumbani isafiri nao. Msiwaoshe kabla, maji yanawatia baridi na hofu. Sungura anayeogopa pamoja na mwenzake anatulia mapema kuliko aliye peke yake. Safirini asubuhi, kabla ya jua kupanda. Kutoka Kadutu hadi Bagira si mbali, lakini walisubiri gari lenye nafasi badala ya kumpa kijana wa pikipiki kikapu.

Wakifika, wawekwe ndani ya banda lao wote wawili kwa wakati mmoja, mahali patulivu. Siku tatu za kwanza majirani wasije kutazama. Chakula kisibadilishwe ghafla: leteni majani waliyoyazoea ya siku kadhaa, kisha changanyeni mapya kidogo kidogo kwa juma zima. Hesabuni mavi kila asubuhi. Mavi ya duara, mengi, makavu ni habari njema. Mkiona asubuhi wanakula vitu vidogo laini vinavyotoka nyuma yao, msishangae wala msiwazuie, ndivyo wanavyopata nguvu ya majani mara ya pili.

Siku ya pili Chumvi hakula. Mama mzee alipiga simu saa tatu asubuhi. Mmoja wetu aliyezoea mifugo alikwenda. Alimkuta amejikunyata, meno yanasaga, Mapera amemlalia ubavuni akimlamba masikio. Walijaribu majani aliyozoea, mabichi, yenye umande, wakayaweka mbele ya Mapera kwanza. Mapera alianza kula. Baada ya muda Chumvi alinyosha shingo akavuta jani moja kutoka mdomoni mwake. Jioni alikuwa amekula vizuri na mavi yametoka. Asingekula mpaka jioni, gari la kwenda kwa mganga lilikuwa limekwisha kutafutwa. Kumbukeni kipimo hicho: nusu siku bila kula ni simu, siku nzima ni mganga.

Tulijiuliza baadaye ingekuwaje kama angekuwa peke yake. Hatuna jibu la hakika. Tunajua tu nani aliyeanza kula mbele yake.

CHAKULA, KWA UFUPI

Nusu kubwa ya chakula cha sungura iwe nyasi, mbichi au zilizokaushwa kivulini. Matembele wanayapenda. Lengalenga wapewe kidogo, wakichanganyiwa na nyasi. Karoti na ndizi ni peremende kwao, kipande kidogo tu. Kabeji nyingi inajaza tumbo hewa. Msiwape majani ya viazi mviringo, ya tomati wala ya avoka, ni sumu. Sombe mbichi pia ina sumu, ndiyo maana hata sisi tunaitwanga na kuipika muda mrefu. Majani yaliyolowa mvua yakaoza, au yaliyokatwa kandokando ya mfereji wa maji machafu, yatupeni. Maji safi yawepo siku zote, hata kama wanakula majani mabichi.

Wekeni pia kipande cha tawi la mti usio na sumu, kama mpera, wakigugune. Meno yatapungua, na miguu ya viti itapona.

IKIWA HAKUNA ANAYEWAPOKEA WOTE

Hilo linaweza kutokea, na hatutaki mama yeyote asome makala hii akajiona mbaya. Kuna wakati familia inakimbia na mtoto mgongoni, na hakuna karatasi ya kutia sahihi. Maisha ya watu yanatangulia.

Lakini mkiwa na majuma mawili au matatu mbele yenu, anzeni mapema. Ulizeni katika likelemba, kanisani, kwa wenye bustani. Ulizeni wanafunzi wa kilimo na wa mifugo. Ombeni mtu awahifadhi kwa muda huku mkiendelea kutafuta, ila awahifadhi wote wawili. Na ikilazimu kabisa kuwatoa kwa mfugaji, mwambieni awachukue wote wawili, mseme bei ndogo, na mjue mnachokubali. Kisha mwambieni mtoto neno ambalo hata akilisikia baadaye kwa mtu mwingine litakuwa lile lile.

Kwa wale wanaofikiria kuwanunulia watoto sungura mwaka huu, hesabuni kwanza: miaka minane au kumi, wawili na si mmoja, majani kila siku, mganga wa kuhasi. Kama nyumba yenu ni ya kuhamahama, dada ya mama mwenye sungura anaweza kumkaribisha mtoto kila Jumamosi. Mtoto atawapenda vilevile.

TULICHOAMUA

Kikundi kimefungua daftari la makao. Upande mmoja tunaandika nyumba zilizo tayari kupokea wanyama wa familia inayohama, na aina ya wanyama wanaoweza kuwapokea. Upande mwingine tunaandika wanyama wanaotafuta mahali. Mpaka sasa kuna nyumba sita, mbili kati yao zina bustani na zinahitaji mbolea. Mwenye kutaka kuandikishwa amwone katibu mwisho wa mkutano. Aje na majibu ya yale maswali sita, maana atayaulizwa.

Mapera na Chumvi wamemaliza wiki ya tano Bagira. Watoto wanapiga simu kutoka Kalemie kila Jumapili baada ya misa, na mama mzee anaisogeza simu karibu na banda. Lengalenga yake ya kwanza yenye mbolea mpya iko tayari juma lijalo; atakuja nayo mkutanoni, fungu kwa bei ile ile ya soko.